Chuma chenye tumbo na mgongo

Vijana wa hapa Makomeno wananikuta mara nyingi wakati ninafunga mlango wa atelie, na swali lao ni moja: "Baba, mashini ya kompyuta si inafanya kazi yote yenyewe?" Ninawajibu hapana. Wanacheka, wanafikiri ninatetea mukate wa wazee. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika gazeti letu nieleze jambo lenyewe pole pole. Wamama wanisamehe kama nitataja namba nyingi. Namba hizo njo zimelipa minerval ya watoto wawili wa jamaa yetu, kwa hiyo si za kudharau.

Mimi ni frezere. Wengi wanachanganya kazi yangu na ile ya turnere. Turnere anazungusha chuma, kisu kinakaa. Frezere anazungusha kisu, na chuma kinatembea chini yake. Kisu hicho chenye meno tunakiita frezi. Nilifundishwa kazi hii katika Atelie Kuu za Panda, kule Likasi, zamani za manivela, wakati mikono yako miwili ndiyo ilikuwa kompyuta. Mwaka 2003 watu zaidi ya 10.000 wa Gécamines tuliondoka pamoja katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari, na tangu hapo ninajitafutia mwenyewe.

Kukata uso ulio sawa kama meza si shida. Unafunga chuma, unapita, unarudi, imekwisha. Lakini, ndugu wasomaji, tazameni vitu vinavyotulisha katika Katanga hii. Mabawa ya turbini kule Mwadingusha, juu ya mto Lufira, ambako umeme umetoka tangu mwaka 1930, yamepinda kama jani la ndizi. Gurudumu la ndani ya pompe limepinda. Kalibu ya kumwagia chuma au ya kupikia mpira imepinda. Uso wa namna hiyo una tumbo mahali fulani na mgongo mahali pengine, na kisu lazima kipande na kushuka pamoja nao bila kuuma hata kidogo.

Wazee walifanyaje? Walichonga mfano wa mbao, na mashini ya kunakili ilitembeza kidole cha chuma juu ya mbao, frezi ikifuata upande wa pili. Halafu mtu akamalizia kwa tupa na gabari, siku nyingi. Mwaka 1952 wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha frezi ya kwanza iliyoongozwa na namba. Katika miaka ya 1960 Pierre Bézier, injinia wa Renault huko Ufaransa, alipata njia ya kuandika mapindo ya gari kwa hesabu. Mtoto wako akichora mstari wa kupinda kwenye kompyuta leo, huenda anatumia mistari ya Bézier bila kumjua.

Sasa habari yenyewe. Mwaka jana mtu wa kiwanda kimoja cha kusaga mawe ya shaba alituletea kazi. Pompe zao zinasukuma matope ya madini usiku na mchana. Mchanga ule unakula chuma upesi sana, kwa hiyo ndani ya pompe wanaweka nguo ya mpira. Mpira unakubali kupigwa na mchanga, unarudi mahali pake, na unadumu. Nguo hiyo inapikwa ndani ya kalibu ya chuma yenye nusu mbili. Yeye alitaka nusu ya kwanza, ile yenye tumbo, iliyozunguka kama nyumba ya konokono. Alileta kipande kimoja tu cha chuma kigumu: milimita 400 kwa 300, unene 120. Kilo zaidi ya 100. Akasema: "Kimoja tu. Kikiharibika, hakuna kingine, na pesa hakuna."

Tulikuwa watu watano katika atelie, na kazi nyingine ilikuwa hakuna.

Anayetunga njia za frezi kwetu ni mtoto wa ndugu yangu mudogo. Alisoma umekanika katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Ananiita baba mukubwa, mimi ninamwita mama, kama jina la bibi yake lilivyo. Baba yake hakupenda kazi hiyo. Alisema binti wa miaka 25 hawezi kulala atelie pamoja na vijana wa kiume, watu wa parokia watasema nini? Na alikuwa na neno, kwa sababu mji wetu una midomo.

Tulianza kubishana siku ya kwanza, yeye na mimi, mbele ya kompyuta.

Ili mfahamu ubishi wetu, fikirini mama anayelima matuta ya viazi. Frezi ya kumalizia uso uliopinda ina ncha ya mviringo, nusu ya mpira. Inapita mara moja, inaacha mfereji mdogo. Inapita tena pembeni, mfereji wa pili. Kati ya mifereji miwili kinabaki kituta. Ukisogea kidogo, kituta ni kifupi. Ukisogea sana, kituta ni kirefu. Mpaka hapo kila mtu anafahamu. Lakini watu hawajui hili: ukizidisha hatua mara mbili, kituta hakizidi mara mbili, kinazidi mara nne. Frezi ya kipenyo cha milimita 10, ikisogea nusu milimita, inaacha kituta cha mikroni 6 hivi. Mikroni ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Unywele wa mtu una mikroni 50 mpaka 100. Ikisogea milimita nzima, kituta ni mikroni 25.

Basi chagua. Urefu wa njia yote unaupata kwa kugawanya eneo kwa hatua, upende kuzunguka ao kwenda na kurudi. Kwa kipande chetu, hatua ya nusu milimita ilitoa mita 240 za kutembea. Frezi yenye meno mawili, ikizunguka mara 4.800 kwa dakika na kila jino likila sehemu ya kumi ya milimita, inakwenda milimita 960 kwa dakika. Hesabuni wenyewe: saa nne na dakika kumi. Ukitaka hatua ya milimita moja, saa mbili na dakika tano, lakini utapolisha vituta kwa mkono siku nzima, na mkono unaopolisha sana unaharibu umbo. Ukitaka robo milimita, saa nane na dakika ishirini. Uso utang'aa kama kioo. Lakini hapa kwetu, nani ana umeme wa saa nane mfululizo?

Siku zile delestaji ilikuwa inaturudishia umeme saa 22 usiku, na kuuchukua tena wakati wowote kabla ya saa 4 ya asubuhi. Umeme ukikatika wakati wa kazi mbaya-mbaya, ya kuondoa nyama, si kitu. Ukikatika kwenye pasi ya mwisho, frezi inasimama juu ya uso uliokwisha, inasugua, inaacha jicho. Na ukiwasha tena, mashini imepoa. Mashini ya moto na mashini ya baridi si mashini moja: mhimili unaobeba frezi unarefuka ukipata joto, sehemu kadhaa za mia za milimita. Unaanza pale pale ulipoacha, lakini kunabaki ngazi. Ukucha unaisikia.

Binti yangu alitaka njia moja ya kuzunguka, kutoka katikati mpaka nje, bila kuinua frezi hata mara moja.

"Baba mukubwa, njo inafuata njia ya matope mu pompe," akasema. "Hakuna alama ya kuingia wala ya kutoka. Bituta bitakuwa muzuri, bitalala paka upande wa maji."

"Ni kweli, mama. Na kama umeme inakatika kwa dakika ya mia moja?"

Akanyamaza. Halafu: "Basi tutafanya nini? Tutakata kwenda-kurudi kama kupanguza meza?"

Hapo alikuwa na haki, na mimi nilimwambia hivyo. Njia ya kwenda na kurudi ina ubaya wake. Mahali tambarare inafanya vizuri, lakini ikifika kwenye ukuta uliosimama, hatua ya nusu milimita kwenye ramani inakuwa hatua ndefu sana kwenye ukuta wenyewe, na vituta vinapanda. Njia ya ngazi-ngazi, inayozunguka kwa kushuka kama barabara za shimo la mgodi, ina ubaya wa kinyume: kwenye ukuta ni nzuri, kwenye sakafu inaacha mapengo. Tena ukienda na kurudi, safari moja frezi inakula kwa kumeza, safari ya pili inakula kwa kupingana. Kwa kumeza, jino linaingia na ganda nene na kutoka na ganda jembamba, uso unakuwa laini. Kwa kupingana, jino linasugua kwanza ndipo linakata. Ukichanganya, uso mmoja unapata rangi mbili. (Vijana wenye mashini za zamani, angalisho: kama parafujo ya meza imelegea, kumeza kutavuta meza na kuvunja frezi yako. Pale mpingane tu.)

Kulikuwa tena neno la kasi. Vitabu vinasema: chuma hiki, frezi ya karibidi, mita 150 kwa dakika. Mtu anahesabu kwa kipenyo cha milimita 10, anapata mizunguko 4.800, anafurahi. Lakini frezi ya mpira haikati kwa kipenyo chake chote! Ukikata kina cha sehemu mbili za kumi za milimita kwenye sakafu, kinachogusa chuma ni duara la milimita 2,8 tu. Kasi ya kweli pale ni mita 42. Na katikati kabisa ya ncha, kasi ni sifuri. Pale frezi haikati, inaponda, kama mtu anayekwangua chungu cha bukari kwa mgongo wa mwiko. Kwenye ukuta wa digri 45, frezi ile ile, mizunguko ile ile, inakata kwa duara la milimita karibu 8,8, na kasi ni mita 132. Uso mmoja, kasi tatu au nne tofauti, na kompyuta haikuambii kama hukuuliza.

Wazee wa Panda walikuwa wanaweka kabari ya digri 15 chini ya kipande, ili ncha isiguse. Kwa mfano wetu duara la milimita 2,8 linakuwa 5,2, na kasi inafika mita 78. Kazi ya kabari tu! Lakini kipande cha kilo 100 na zaidi juu ya kabari, kwenye mashini yetu, nilikataa. Tulikubaliana kwamba sakafu ya katikati, ambayo ilikuwa duara dogo, ikatwe na frezi ya chini bapa yenye pembe za mviringo, na frezi ya mpira iachiwe kuta na mapindo.

Yeye ndiye aliyepata jambo la pili. Alipima mapindo yote ya mchoro, akaona kwamba tumbo jembamba kuliko yote, la radii ya milimita 6, liko pembe moja tu. Pengine pote mapindo ni makubwa. "Juu ya nini tunatembeza frezi ya 10 fasi yote?" akaniuliza. Frezi ya milimita 16 haiwezi kuingia katika pembe ile, kwa sababu radii yake ni 8 na ingeuma kuta. Lakini pengine pote, kwa sababu ni nene, inaweza kusogea milimita 0,63 na kuacha kituta kile kile cha mikroni 6. Njia inashuka kutoka mita 240 mpaka 190. Saa tatu na dakika kumi na nane. Tena frezi nene haipindi. Frezi ikitoka nje ya kishikio mara mbili zaidi, inapinda mara nane zaidi kwa nguvu ile ile. Ndipo mashini inaanza kuimba, na mnajua wimbo huo unaandikwa kwenye chuma.

Na umeme? Hapo mimi nilitazama mchoro, si kompyuta. Nguo ile ya mpira ilikuwa na mikunjo miwili, kama mishono ya kanzu. Kwenye mikunjo ile uso unabadilika ghafula, na ngazi ya mikroni chache haionekani wala haidhuru. Nikasema tukate kazi katika vipande vitatu, mipaka iwe ndani ya mikunjo, kila kipande kizunguke kwa njia yake mwenyewe ya kufuata matope. Kila kimoja dakika 66 hivi. Umeme ukikatika, tunapoteza kipande kimoja, si usiku wote. Tena tuache ngozi ya sehemu mbili za mia za milimita kwa ajili ya kupolisha, ili jicho likitokea, jiwe lilimeze. Na pembeni ya kipande tutoboe matundu mawili safi, ya kutafutia sifuri tena kama mashini itasahau. Hakupenda habari ya vipande. Aliona ni kuharibu njia yake nzuri. Usiku ule alirudi nyumbani bila kuniaga, lakini asubuhi programu ilikuwa na vipande vitatu.

Neno la baba yake lilipata jibu ambalo sikulitegemea. Jumatano, saa 21 na nusu, mama yake mwenyewe akafika atelie na chupa ya chai, mandazi katika kitambaa, na kiti chake cha kukunja. Akakaa karibu na mlango, pale kila mpita njia angeweza kumwona. "Endeleeni na kazi yenu," akasema, "miye niko hapa." Akatoa uzi na kuanza kushona. Midomo ikafungwa.

Umeme ukaja saa 22 na dakika kumi. Tukazungusha mhimili bure kwa nusu saa ili upate joto. Vijana waliona ni kupoteza dakika za umeme, lakini hapo sikuwapa nafasi ya kubishana. Kipande cha kwanza kikaisha vizuri. Sauti ilikuwa moja tangu mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayepumua usingizini. Cha pili kilikuwa kimepita katikati, saa 1 na dakika arobaini, wakati taa zilizimika.

Hakuna aliyesema kitu. Mhimili uliendelea kuzunguka kidogo katika giza, tukausikia ukisimama. Mama yake akawasha tochi ya simu bila kutoka kwenye kiti. Binti akainama, akatazama frezi, meno yalikuwa mazima. Halafu akakaa chini juu ya sanduku, akaniuliza kama umeme utarudi. Nikamwambia sijui, anywe chai.

Ulirudi saa 2 na dakika hamsini. Mashini ilikuwa imepoteza sifuri. Tukaitafuta kwenye matundu yale mawili, mara tatu, mpaka saa yenye sindano ikakubali mara zote tatu. Tukapasha mhimili joto tena. Hapo kijana mmoja alishauri tuongeze mwendo mara mbili, ili tuwahi kabla umeme hauondoka. Binti akakataa mwenyewe, mimi sikufungua kinywa: "Ukiongeza avansi mara mbili, kila jino linaacha alama mara mbili mbali, na bituta binapanda mu upande mwingine. Afazali tungoje kesho." Akaanza kipande cha pili upya kutoka ukingo wa mkunjo. Kikaisha. Cha tatu na ile pembe ya radii 6 tulifanya usiku wa Alhamisi, na mama mtu kwenye kiti chake.

Jicho lilikuwepo, ndiyo, kwenye kipande cha pili, kama kovu la ndui. Njia ya pili ililipunguza, jiwe na karatasi ya msasa vikalimaliza katika saa mbili. Tulipima kwa gabari kila mahali.

Mwenye kazi alikuja Jumatatu. Hakusema sana. Alipitisha ukucha wa kidole gumba kutoka katikati kwenda nje, akafumba macho, akarudia. Kwenye mikunjo alipita bila kusimama. Akauliza kama tumehesabu kwamba mpira unanywea ukipoa, na binti akamwonyesha kwenye mchoro: karibu 2 kwa 100. Akalipa nusu iliyobaki pale pale, akaita vijana wake wabebe.

Sasa ametuletea chuma cha nusu ya pili, ile yenye mgongo. Hapa hesabu inageuka. Juu ya mgongo vituta vinapanda zaidi kuliko ndani ya tumbo, kwa hatua ile ile, kwa sababu uso unakimbia frezi badala ya kuikumbatia. Mahali mgongo una radii ya milimita 25, hatua ya 0,63 haitoshi tena. Binti ameishusha mpaka 0,55, na amepata hesabu sawa. Mimi ninasema pale mgongo ulipo mpana na umelala, tuache kabisa frezi ya mpira, tutumie ile ya pembe za mviringo, tusogee zaidi. Yeye anasema itaacha mipaka mahali pasipo mikunjo. Tangu Jumanne tunabishana, na chuma bado kiko mezani.